Kutoka Mlangoni Hadi Mezani: Usharika na Watu Wenye Ulemavu

(Hotuba iliyotolewa katika maadhimisho ya Jubilei ya Miaka 100 ya Usharika)



Usharika unapotimiza miaka 100 hufanya hesabu. Huhesabu waliobatizwa na waliopata Kipaimara, ndoa zilizofungwa na marehemu waliosindikizwa. Huhesabu wachungaji waliohudumu, mitaa iliyozaliwa, kwaya zilizoimba, na majengo yaliyosimamishwa kwa sadaka za mavuno. Hesabu hiyo ni njema, kwa kuwa Mungu mwenyewe amewaagiza watu wake wakumbuke njia yote aliyowaongoza. Lakini ipo hesabu nyingine ambayo kitabu cha Jubilei hakina budi kuigusa, nayo ni ya wale wasioonekana katika picha zake.

Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 ilionyesha kuwa asilimia 11.2 ya watu wa Tanzania wenye umri wa miaka 7 na kuendelea wana ulemavu wa namna fulani. Kwa kipimo hicho, katika ibada yenye watu 500, waumini wenye ulemavu wangekuwa kama 56. Mzee wa kanisa akisimama mbele siku ya Jumapili na kuwatafuta kwa macho, huenda akawaona watano au sita. Wengine ulemavu wao hauonekani kwa macho. Lakini wapo pia waliobaki nyumbani, na wengi wao walibatizwa katika kisima hiki hiki cha ubatizo.

Jambo hili linashangaza zaidi mtu akikumbuka Injili ilifikaje katika milima ya Usambara. Mwaka 1867, karibu na mji wa Bielefeld nchini Ujerumani, ilifunguliwa nyumba ya kuwatunza watu wenye kifafa. Ikaitwa Betheli, yaani nyumba ya Mungu, kwa jina la mahali pale Yakobo alipoota ngazi ielekeayo mbinguni. Tangu mwaka 1872 iliongozwa na Mchungaji Friedrich von Bodelschwingh, na chini ya uongozi wake ikakua hata ikawa kama mji mzima, ambamo watu wenye kifafa waliishi, walifanya kazi na kuabudu pamoja na wale waliowatunza. Mwaka 1890 Bodelschwingh aliingia katika uongozi wa chama cha misioni kilichokuwa kimeanzishwa Berlin kwa ajili ya Afrika Mashariki. Mwaka 1891 wamisionari wake walianza kazi Mlalo, na mwaka 1906 makao makuu ya misioni hiyo yakahamia Betheli kwenyewe.

Kwa hiyo Injili ilipanda milima hii ikitoka katika mji wa watu wenye kifafa, na wamisionari walileta mawazo hayo pamoja na Biblia zao. Huko Lutindi, nyumba iliyoanzishwa mwaka 1896 kwa ajili ya watoto waliookolewa utumwani ikaja kuwa hospitali ya wagonjwa wa akili mwanzoni mwa karne ya 20, nayo ni miongoni mwa hospitali za kale zaidi za aina hiyo katika Afrika Mashariki. Mwaka 1963, mwaka uleule Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania lilipoundwa kwa muungano wa makanisa saba, ilifunguliwa Shule ya Wasioona ya Irente, Lushoto. Mwaka 1981 Kanisa lilianzisha Shule ya Viziwi ya Mwanga katika nchi ya Wapare. Mwaka 2005 ikaanza Irente Rainbow, kwa ajili ya watoto wenye ulemavu wa akili na wenye usonji. Makanisa mengine nayo yalifanya vivyo hivyo: Waanglikana walifungua Shule ya Wasioona ya Buigiri, Dodoma, mwaka 1950, na Wakatoliki walifungua shule ya viziwi ya Tabora mwaka 1963. Mtu yeyote asithubutu kusema kwamba Kanisa halikufanya kitu.

Hata hivyo, kila jambo jema lina kivuli chake. Shule ilipojengwa mbali, Usharika ulipumua. Mtoto asiyeona alipelekwa Irente, na mtoto kiziwi akapelekwa Mwanga. Huko walijifunza kusoma maandishi ya nukta nundu na kuzungumza kwa lugha ya alama. Walijifunza sala, na wakaimba au kumsifu Mungu kwa mikono yao. Kisha wakarudi nyumbani wakiwa vijana wenye elimu. Walipofika kanisani walikuta hakuna kitabu cha nyimbo wanachoweza kukisoma kwa vidole, wala mtu hata mmoja anayejua kusema Baba Yetu kwa alama. Taasisi za Kanisa zilikuwa zimewapokea, na Usharika uliowabatiza ulikuwa vilevile kama walivyouacha.

Katika Matendo ya Mitume, sura ya 3, imeandikwa habari ya mtu aliyekuwa kiwete tangu tumboni mwa mama yake. Kila siku alichukuliwa na kuwekwa penye mlango wa hekalu uitwao Mzuri, ili aombe sadaka. Wahubiri wengi husema juu ya Petro na Yohana, nao hufanya vema. Ni wachache wanaowatazama wale waliombeba. Hao hawakuwa watu wabaya. Walifika kila siku, wakambeba, na huenda walichoka mabega. Lakini wema wao ulikuwa na mpaka, na mpaka huo ulikuwa mlango. Mtu huyo alikuwa amepita umri wa miaka 40 siku aliyoingia hekaluni. Miaka yote hiyo alikuwa karibu na ibada kuliko watu wengi wa Yerusalemu, na bado alikuwa nje.

Agano la Kale lina picha nyingine, katika kitabu cha pili cha Samweli, sura ya 9. Mefiboshethi mwana wa Yonathani aliangushwa na yaya wake akiwa na miaka mitano, wakati wa kukimbia vita, akawa kilema miguu yote miwili. Daudi alipomwita kutoka Lodebari, hakumtumia chakula huko aliko. Alimweka mezani pake, ale daima kama mmoja wa wana wa mfalme. Na msomaji akifika mwisho wa sura hiyo hukuta neno la kushangaza: mwandishi anakumbusha tena kwamba Mefiboshethi alikuwa kilema miguu yote miwili. Hakuponywa kwanza ndipo akaketi. Aliketi jinsi alivyo, na kitambaa cha meza ya mfalme kikaifunika miguu yake kama kilivyoifunika miguu ya wengine wote.

Tofauti ya mlango na meza ndiyo inayotakiwa kupimwa katika mwaka huu wa Jubilei. Mlangoni mtu hupewa sadaka, mezani hupewa nafasi. Aliye mlangoni hutegemea huruma ya wapitao, na aliye mezani ana haki ya mwana.

Kwa Mlutheri, neno meza lina maana ya pekee, kwani ni Meza ya Bwana. Katika andiko lake la mwaka 1520 juu ya Agano Jipya, yaani Misa Takatifu, Martin Luther alijibu swali la wakati wake: je, viziwi wapewe Sakramenti? Walikuwapo watu waliodhani ni hisani kuwahadaa kwa kuwapa mkate usiowekwa wakfu. Luther alikikataa kiini macho hicho. Alifundisha kwamba Mungu aliyewafanya wengine kuwa Wakristo amewafanya na hao vilevile. Basi, ikiwa wana akili na ishara za hakika zinaonyesha kuwa wanaitamani Sakramenti kwa moyo wa kweli, wapewe, na kazi ya Roho Mtakatifu aachiwe Roho Mtakatifu. Zaidi ya miaka 500 imepita tangu jibu hilo liandikwe.

Miaka kumi baadaye, mwaka 1530, Ungamo la Augsburg lilieleza katika kifungu cha 7 kwamba Kanisa ni kusanyiko la watakatifu, ambamo Injili hufundishwa kwa usafi na Sakramenti hutolewa ipasavyo. Kila mwanafunzi wa theolojia hukijua kifungu hicho. Sasa na achukuliwe mama kiziwi aliyeketi benchi la tatu, anayetazama midomo ya mhubiri ikienda kwa dakika 40 bila kuelewa neno. Katika benchi lile, Injili imefundishwa? Mkalimani wa lugha ya alama akikosekana, kinachokosekana si pambo la ibada. Kwa mama yule, alama mojawapo ya Kanisa lenyewe imekosekana.

Ugumu huo huo hujitokeza katika mafundisho ya Kipaimara. Katekisimu Ndogo, ambayo Luther aliitoa mwaka 1529 ili wazazi waitumie nyumbani, katika sehemu nyingi imegeuka kuwa mtihani wa kukariri. Kijana mwenye ulemavu wa akili hukaa darasani miaka miwili, wenzake hubarikiwa, naye huambiwa asubiri mwaka ujao, na mwaka ujao tena. Mwishowe mama yake huacha kumleta. Lakini Kanisa la Kilutheri hubatiza mtoto wa wiki chache asiyeweza kutamka hata jina lake, likiungama kwamba imani ni zawadi ya Mungu na wala haitokani na ufahamu wa mwanadamu. Kanisa lenye ungamo hilo haliwezi kumwambia mama wa kijana wa miaka 16 kuwa mwanawe hastahili kwa sababu hajaweza kukariri Amri Kumi. Katekisimu yenyewe hufundisha kwamba anayestahili Meza ya Bwana ni yule anayeamini kuwa mwili na damu vilitolewa kwa ajili yake. Wapo vijana wasioweza kueleza neno hilo, ambao hunyoosha mikono yao kuelekea mkate kwa furaha ambayo wanaokariri vizuri wangeitamani.

Lipo pia jambo ambalo hunenwa kwa sauti ya chini, nalo ni lawama. Mwenye ulemavu anapozaliwa, watu huuliza nani alikosa, kama wanafunzi walivyouliza katika Yohana sura ya 9. Bwana aliikataa hesabu hiyo papo hapo: hakukosa mtu huyu wala wazazi wake. Wazee wa kale nao walikuwa na neno lao la hekima, wakasema hujafa hujaumbika. Lakini bado wako akina mama walioachwa na waume zao kwa sababu ya mtoto mwenye mtindio wa ubongo, na wako walioambiwa, hata na watu wa maombi, kwamba mtoto haponi kwa kuwa imani ya mama ni haba. Neno hilo huvunja mifupa. Maombezi ni huduma ya Kanisa, na hakuna anayeyakataza. Ila maombezi yanayomwacha mtu na mzigo mzito kuliko aliokuja nao hayakutoka kwa yule aliyewaita wenye kulemewa na mizigo.

Kifafa ni mfano ulio wazi. Hakiambukizi, wala si lazima kiwe na uhusiano wowote na pepo. Kwa wagonjwa wengi dawa hukizuia, zikiwamo dawa za bei nafuu, mradi zisikatishwe. Mtu akianguka katikati ya ibada, wasaidizi wamwondolee vitu vigumu karibu naye, waweke kitu laini chini ya kichwa, wamlaze ubavu, wasimtie kijiko wala kitu chochote kinywani, na wakae naye mpaka fahamu zimrudie. Degedege likipita dakika tano, apelekwe hospitali. Asiambiwe kamwe aache dawa ili aonyeshe imani. Usharika wenye asili ya Betheli ukimtenga mtu mwenye kifafa utakuwa umeisahau nyumba uliyozaliwa.

Na wapo ambao kwao kutengwa kumekuwa jambo la kufa na kupona. Kuanzia mwaka 2007 nchi ilishtushwa na mauaji ya watu wenye ualbino, hasa katika Kanda ya Ziwa, na makumi ya watu walipoteza maisha kwa sababu ya ushirikina wa kutafuta utajiri. Jambo hilo halikuisha kabisa: mwaka 2024 mtoto mwenye ualbino wa umri wa miaka miwili aliuawa wilayani Muleba, mkoani Kagera. Mhubiri akinyamaza juu ya ushirikina huo, ukimya wake husikika. Zaidi ya kuhubiri, yapo mambo madogo yanayolinda uhai kila siku: kiti kivulini wakati wa mkutano wa nje, ruhusa ya kuvaa kofia pana, maandishi makubwa kwa wenye uoni hafifu, na mafuta ya kukinga jua, kama yale ya Kilisun yanayotengenezwa KCMC, Moshi, kwa kuwa saratani ya ngozi nayo huua.

Waswahili husema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii huchukuliwa kuwa ya kuwaonya wageni wavivu, lakini ndani yake mna heshima kubwa. Kumpa mgeni jembe ni kumwambia kuwa sasa yeye ni wa nyumbani, na shamba ni lake pia. Watu wenye ulemavu wamekaa makanisani kama wageni kwa miaka 100. Wamepewa sabuni na sukari siku ya Diakonia, wamepigwa picha, wameombewa. Jembe hawajapewa. Ni sharika ngapi zenye mzee wa kanisa asiyeona? Ni katika kamati ngapi za ujenzi mtu anayetumia kiti cha magurudumu ameulizwa neno kabla ya msingi kuchimbwa? Asiyekuwapo na lake halipo, ndiyo maana ngazi huwa nyingi na milango huwa myembamba.

Wale waliopewa jembe wamelima. Samuel Kabue wa Kenya, asiyeona, aliongoza mtandao wa makanisa wa kutetea watu wenye ulemavu, EDAN, ulioanzishwa mwaka 1998 wakati wa Mkutano Mkuu wa Baraza la Makanisa Ulimwenguni mjini Harare, ofisi yake ikiwa Nairobi. Mwaka 2003 Baraza hilo lilipokea tamko lililotokana na kazi ya mtandao huo, lenye ujumbe kwamba Kanisa ni la wote na kwa ajili ya wote. Jambo la kuangaliwa ni kwamba watu wenye ulemavu wenyewe walishiriki kuandika. Musa naye alipojitetea kwamba ni mzito wa kusema, Bwana hakumwondolea uzito wa ulimi wala hakumwondolea kazi. Alimpa Haruni wa kusema pamoja naye. Huo ndio ukalimani wa kwanza katika huduma ya watu wa Mungu.

Kazi zinazoweza kufanywa si nyingi mno wala si ghali zote. Penye ngazi pajengwe mteremko, na fundi akumbuke kipimo chake: kwa kila sentimita 1 ya kimo, urefu wa sentimita 12. Ngazi moja ya sentimita 15 yahitaji mteremko wa sentimita 180, yaani mifuko michache ya saruji. Benchi moja lipunguzwe urefu, ili mwenye kiti cha magurudumu aketi kati ya jamaa yake badala ya kuwekwa njiani kama mzigo. Kiongozi wa ibada asome ubeti wa wimbo kabla ya kuimbwa, apate nafasi asiyeona. Vijana wawili au watatu wapelekwe kujifunza lugha ya alama kwa viziwi wenyewe, na mkalimani asimame mahali penye mwanga. Wazee wa kanisa watembelee kila nyumba ya mtaa wao wakiwa na swali moja tu: ni nani wa nyumba hii ambaye haji, na kwa nini? Na kabla ya lolote kufanywa, mwenye ulemavu aulizwe, kwa maana yeye ndiye anayejua kiatu kinambana wapi. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inadai majengo yafikike. Lakini ingekuwa aibu Kanisa kusubiri kudaiwa na sheria kile ambacho Injili ilikwisha kuagiza.

Injili ya Mathayo, sura ya 21, inasimulia jinsi Bwana Yesu alivyozipindua meza za wabadili fedha hekaluni. Wengi huacha kusoma hapo. Mstari unaofuata muda mfupi baadaye unasema kwamba vipofu na viwete walimwendea mle hekaluni. Nafasi ilikuwapo siku zote. Ilikuwa imejazwa vitu vingine. Na Bwana huyo alipofufuka, hakuja kwa wanafunzi wake akiwa na mwili usio na alama. Aliwaonyesha mikono na miguu yake yenye makovu, nao wakamtambua kwa hayo. Kanisa linaloona haya kwa mwili wenye jeraha lingemwona haya na Bwana wake.

Miaka 100 ya kwanza ya Usharika huu ilianzia kwa watu waliobeba Injili kutoka katika nyumba ya wenye kifafa. Miaka 100 ya pili itaandikwa na wengine, na watakaokisoma kitabu chao watatazama picha zake. Mungu na ajalie kwamba katika picha hizo awepo mzee wa kanisa mwenye fimbo nyeupe, mwalimu wa Shule ya Jumapili anayefundisha kwa mikono, na kijana wa Kipaimara katika kiti cha magurudumu, mbele ya Meza ya Bwana, pamoja na wenzake. Na neema ya Bwana Yesu Kristo, na pendo la Mungu, na ushirika wa Roho Mtakatifu ukae na Usharika huu wote, pasipo kubaki hata mmoja mlangoni. Amina.